Kutawazwa

Kutawazwa ni tendo la kumweka mtu rasmi katika cheo cha utawala, hasa mfalme, malkia, sultani au chifu. Mara nyingi huandamana na sherehe ya kidini au ya kimila.

Kitenzi tawaza kimetokana na tawala, neno lenye asili ya Kiarabu (tawalla, yaani kushika madaraka). Kikishaingia katika Kiswahili, kilinyambuliwa kwa kanuni za Kibantu: kama vile lala huzaa laza, ndivyo tawala huzaa tawaza, yaani kumfanya mtu atawale. Kutoka shina hilohilo yamepatikana mtawala na utawala.

Wengi hudhani kwamba neno hili linahusu taji. Sivyo. Taji ni neno jingine kabisa, lililopitia Kiarabu kutoka Kiajemi, na kumvisha mtu taji ni njia moja tu ya kumtawaza. Katika miji ya Waswahili, alama mashuhuri ya enzi ilikuwa siwa, baragumu kubwa lililopulizwa kwenye shughuli za watawala. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, na ya Lamu ni ya shaba.

Tofauti hiyo huwatatiza waandishi wa historia. Elizabeth II wa Uingereza alirithi ufalme tarehe 6 Februari 1952, baba yake alipofariki, naye akiwa ziarani Kenya. Sherehe ya kumvika taji ilifanyika London tarehe 2 Juni 1953. Kwa hiyo anayeandika kwamba "alitawazwa mwaka 1952" anachanganya kuanza kutawala na kutawazwa. Katika miezi hiyo kumi na sita alikuwa malkia kamili, ingawa hakuwa ametawazwa.

Kuna pia tawaza nyingine, yenye maana ya kujisafisha kwa maji. Hiyo ni ndugu ya tawadha, kutia udhu, kutoka Kiarabu tawadda'a, wala haina uhusiano na ufalme. Muktadha ndio unaozitofautisha.

Siku hizi neno limepanuka. Magazeti huandika kwamba timu "imetawazwa mabingwa" wa ligi, matumizi ambayo yamekwisha kuzoeleka. Rais, kwa upande wake, hatawazwi bali huapishwa, na askofu husimikwa.