Nani Ameshika Ufunguo? Usalama na Afya ya Watoto Katika Kambi za Likizo

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, na tena kwa muda mfupi kati ya muhula na muhula, watoto wengi wa Kampala hupelekwa kambini. Ziko kambi za makanisa na misikiti, za michezo, za muziki, na za maskauti, ambao wana uwanja wao wa Kaazi kando ya Ziwa Viktoria. Ni jambo jema. Mtoto hujifunza kutandika kitanda chake, kula pamoja na wenzake na kuishi na watu wasio wa ukoo wake. Hata hivyo, kwa siku hizo mzazi hukabidhi dhamana yake kwa watu ambao pengine hajawahi kuonana nao, na mara nyingi katika majengo ya kuazima ambayo waandaaji wenyewe hawayajui vyema. Makala hii inaeleza mambo ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza, na ambayo mwandaaji anapaswa kuwa na majibu yake kabla ya usiku wa kwanza.

Mlango wa bweni

Nchi yetu imefunzwa somo hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 2008, bweni la shule ya Budo Junior, wilayani Wakiso, liliteketea na takriban wasichana 20 wakapoteza maisha. Tarehe 25 Oktoba 2022, moto uliua watu 11, wengi wao watoto, katika Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Kwa majirani zetu wa Kenya, wavulana 67 walikufa katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli mwezi Machi 2001. Mlango mmoja wa bweni lao ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo.

Kufuli na nondo huwekwa kwa nia njema, ili mwizi asiingie na mtoto asitoroke usiku. Lakini kinachomzuia mwizi kuingia humzuia pia mtoto kutoka, na moshi wa magodoro ya sponji hauwapi waliolala nafasi ya kumsubiri mwenye ufunguo. Kwa sababu hiyo chumba cha kulala kisifungwe kwa kufuli kutoka nje wakati watoto wamo ndani. Kiwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, na vitanda visizibe njia. Ikiwa eneo linahitaji ulinzi, lango la ua ndilo lifungwe, na mlinzi akeshe hapo. Ndani ya bweni alale mlezi mzima anayejulikana kwa jina, mwenye tochi na ufunguo mkononi. Mishumaa, majiko na nyaya za kuchajia simu zisiingie humo.

Jioni ya kwanza, kabla ya nyimbo na hadithi, watoto wafanye zoezi la kutoka bwenini na kukusanyika mahali pamoja, kisha wahesabiwe. Mtoto asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kutembea apangiwe mtu maalumu wa kumtoa. Zoezi hili huchukua dakika chache tu, na mwandaaji anayetaka mtaalamu wa kukagua jengo anaweza kuomba ushauri wa kikosi cha zimamoto cha Polisi kupitia kituo kilicho karibu naye.

Orodha ya langoni

Kuhesabu watoto hakuna faida pasipo orodha iliyo sahihi. Kila mtoto aandikwe jina lake kamili, umri, makazi, namba za simu za watu wawili wa nyumbani, na majina ya wale tu wanaoruhusiwa kumchukua. Akija mtu langoni na kusema, “Mimi ni mjomba wake, mama yake amenituma,” mlinzi asimwaibishe wala asimwamini papo hapo. Amkaribishe aketi, kisha ampigie mzazi kwa namba iliyomo katika orodha, si kwa namba anayopewa na mgeni. Mjomba wa kweli hatakasirishwa na uangalifu huo. Wazazi nao wasimtume mwendesha boda boda kumchukua mtoto peke yake, hata kama ni wa stendi ya mtaani kwao.

Watu wazima wa kambini

Si kila hatari hutoka nje ya ukuta. Mwandaaji achunguze historia ya kila mlezi, mpishi na dereva, na awaulize viongozi wa mtaa anakotoka. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja faraghani, wala asilale kitanda kimoja na mtoto. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na kambi haina sababu ya kuirudisha. Sheria hiyo pia inawataka walimu, waganga na wahudumu wa jamii watoe taarifa wanapokuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mtoto ananyanyaswa.

Mtoto akieleza kuwa ameguswa vibaya au amenajisiwa, asikilizwe bila kukemewa wala kuhojiwa mara kwa mara. Asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa tu zikianza kutumiwa ndani ya saa 72. Polisi hutoa Fomu 3A, ambayo mganga huijaza baada ya uchunguzi. Kosa hili ni jinai, wala halimalizwi kwa kikao cha wazee, mbuzi au bahasha. Kumficha mkosaji ili kulinda jina la kambi ni kumkabidhi watoto wa kambi ijayo.

Afya ya kila siku

Malaria ingali miongoni mwa maradhi yanayowaua watoto wetu, hivyo kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa, na homa yoyote ipimwe siku ileile. Mzazi aandike bila haya maradhi ya mtoto wake: pumu, kifafa, mzio wa chakula au selimundu. Upimaji ulioanza nchini mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu mtoto 1 kati ya 8 ana chembe za urithi za selimundu. Wengi wao ni wazima, lakini wale wenye ugonjwa wenyewe wanaweza kupatwa na maumivu makali wakikosa maji ya kutosha, wakichoka mno au wakikaa katika baridi. Dawa zikae kwa mlezi mmoja, zikiwa na jina la mtoto na saa za kutumiwa.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kampala haijasahau mlipuko wa homa ya matumbo wa mwaka 2015, uliohusishwa na maji machafu. Mahali pa kunawa mikono pawe karibu na vyoo na jikoni. Mtoto mwenye homa na kutapika atengwe kwa upole, mzazi ajulishwe na mganga aitwe. Ebola ya mwaka 2022 ilitufundisha kuwa kuchelewa siku moja kunaweza kuwagharimu wengi. Kwa kambi za kando ya ziwa, watoto wasiingie majini bila msimamizi ajuaye kuogelea, na wasipande mtumbwi bila jaketi la kuokolea. Maji ya ufukweni huweza pia kuwa na kichocho.

Wito wetu

Mzazi, kabla ya kulipa ada, fika kambini. Omba uonyeshwe chumba atakacholala mwanao, kisha uliza: usiku nani ameshika ufunguo, nani ana orodha, na nani atamfikisha hospitali? Ukitajiwa majina ya watu na kuonana nao, una msingi wa kuamini. Ukijibiwa kwamba “Mungu yupo”, kumbuka kuwa Mungu huyo ndiye aliyekupa mtoto umlinde.

Mwandaaji, kijulishe kituo cha polisi na mwenyekiti wa LC1 kuhusu tarehe za kambi na idadi ya watoto. Panapotokea dharura piga 999 au 112. Kwa taarifa za unyanyasaji wa mtoto piga 116 bila malipo, au fika katika Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kwenye kituo cha polisi kilicho karibu nawe.