DX Yenye Injini Kubwa: Pesa ya Breki Iende Wapi?

Corolla KE70, ile ambayo Wakenya wengi wanaiita DX, inatumia diski mbele, dramu nyuma na injini ya 4K ya CC 1,290. Ukiisikia ikinguruma kupita umri wake, huenda chini ya boneti pamewekwa 4A-GE ya CC 1,587. Mwenye gari hushughulikia injini kwanza, kisha rimu, na breki huzikumbuka mwisho, mfuko ukiwa umepwaya. Pesa iliyobaki aiweke mbele au nyuma?

Ukikanyaga breki, uzito unakimbilia mbele. DX ina mita 2.4 kati ya ekseli zake mbili. Tuseme ikiwa imesimama, asilimia 55 ya uzito iko mbele, na kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ardhi. Breki kali kwenye lami kavu inafikisha mbele karibu asilimia 72; kwenye udongo uliolowa, ambako tairi halishiki sana, ni kama 63. Hakuna mgawo mmoja wa nguvu ya breki unaofaa pote, ndiyo maana viwanda huhakikisha matairi ya mbele yanajifunga kwanza. Hapo usukani hausikii, lakini gari linaenda moja kwa moja. Ya nyuma yakitangulia kujifunga, mkia unazunguka, na ni madereva wachache wanaowahi kuurudisha.

Sasa tuangalie bidhaa. Pedi ndizo rahisi kuliko zote, tena ndizo zinazovuruga mgawo haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ukingo wa pedi nyingi pamechapwa herufi mbili, ya kwanza kwa msuguano wa pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto: F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukitoa pedi ya 0.35 ukaweka ya 0.45 mbele peke yake, mgawo uliokuwa 70 kwa 30 unakuwa 75 kwa 25. Linganisha na kalipa ya gari kubwa zaidi: pistoni ipande kutoka milimita 51 hadi 54, na pedi ishike diski asilimia 10 mbali zaidi na kitovu. Hesabu inatoa 74 kwa 26. Umelipa kalipa, diski, hosi, fundi wa kukereza mabano, pengine na rimu mpya ili kalipa isikwaruze, na mgawo umesogea pungufu ya ulivyosogezwa na pedi.

Diski kubwa faida yake ni joto. Spidi ikitoka 100 hadi 120, nishati ambayo breki zinapaswa kumeza inaongezeka asilimia 44, na anayeshuka Mai Mahiu kwa kasi ataona tofauti. Lakini kama breki ulizo nazo tayari zinaweza kuyafunga matairi, diski kubwa haitafupisha umbali wa kusimama mara moja. Hapo kinachoamua ni mpira wa tairi.

Kuweka diski nyuma kunapendwa kwa sababu kunaonekana kupitia rimu. Sishauri. Dramu ina hila yake: mzunguko wa gurudumu unaivuta shuu moja ijibane zaidi. Kalipa haina msaada huo, kwa hiyo ndogo inaweza kushika kidogo kuliko dramu uliyoitupa, na kubwa inaweza kukufungia matairi ya nyuma kwenye kona yenye maji. Bado hujatafuta handibreki ya kuunganisha.

Valvu ya kurekebishwa kwa mkono, kama ile ya kampuni ya Wilwood, inauzwa chini ya dola 100 za Marekani, kabla ya nauli na ushuru. Ni kifaa kizuri, ila fundi akwambie ukweli: inapunguza presha ya nyuma tu, haiongezi. Gari ambalo breki zake za nyuma tayari zimelala halitafaidika nayo. (Wenye pikapu zenye valvu inayohisi mzigo waangalie pia: ukiishusha bodi, valvu inadhani umepakia, na inaipa nyuma presha zaidi.) Pedali yenye masta silinda mbili na fimbo ya kugawa nguvu inagharimu mamia ya dola, waachie wa rali.

Kabla ya yote hayo, fungua dramu. Shuu zilizoisha, silinda inayovuja na marekebisho yaliyosahauliwa hufanya nyuma isifanye kazi, kisha lawama zinaenda kwa diski za mbele. Badilisha mafuta ya breki, toa upepo, halafu mwombe mtu asimame pembeni ya uwanja mtupu atazame ni gurudumu lipi linajifunga kwanza ukikanyaga kwa nguvu katika spidi ya 40. Kama uwanja ulikuwa umelowa, rudia ukiwa mkavu, kwa sababu hapo ndipo nyuma inapobaki nyepesi zaidi.

Kwa DX ya barabarani ningeanza na dramu zilizotengenezwa vizuri, mafuta ya DOT 4, na pedi za mbele zenye herufi F. Kalipa kubwa zije endapo breki zinalegea kwa joto, na valvu endapo nyuma inatangulia kujifunga. Anayebakiwa na pesa baada ya hapo anunue matairi manne mapya ya aina moja.