Teknolojia ya Dijitali na Mwendo wa Taya: Nafasi ya Kiswahili katika Tiba ya Meno

Makala hii inafafanua jinsi teknolojia ya dijitali inavyotumiwa kufuatilia mwendo wa taya katika tiba ya meno. Aidha, inaonyesha kwamba manufaa yake kwa mgonjwa wa sehemu kama Mashuuru, Kaunti ya Kajiado, yanategemea pia lugha ya kuueleza mwendo huo.

Mwendo wenyewe

Aghalabu hudhaniwa kwamba taya hufunguka kama mlango uzungukavyo kwenye bawaba. Sivyo. Kinywa kinapoanza kufunguka, vichwa viwili vya taya la chini, vilivyo mbele ya masikio, huzunguka palepale. Kikizidi kupanuka, vichwa hivyo huteleza mbele na chini. Wakati wa kutafuna, taya huenda upande pia. Mwaka 1908, Norman Bennett wa Uingereza aliueleza mwendo huo wa upande. Mwaka 1952, Ulf Posselt wa Uswidi akabainisha mipaka ya miendo ya taya.

Vifaa vya kuufuatilia

Kwa muda mrefu madaktari walitegemea vielelezo vya plasta vilivyofungwa kwenye chombo cha chuma kinachoigiza taya. Katika miaka ya 1970 ikazuka mbinu ya kubandika sumaku ndogo kwenye meno ya mbele ya chini na kuifuatilia kwa vihisio vilivyovaliwa kichwani. Siku hizi kamera zaweza kufuatilia alama zilizofungwa kwenye meno ya chini na kichwani, kisha kompyuta ikaunganisha mwendo huo na picha za meno za pande tatu. Hivyo daktari huweza kuona mahali jino la bandia litakapogongana na wenzake kabla halijatengenezwa.

Mfano wa Wamaasai una funzo hapa. Kwa desturi, wengi wao waling'olewa meno mawili ya katikati ya chini. Sababu itajwayo mara nyingi ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, ugonjwa ukazao taya, aweze kulishwa kupitia pengo hilo. Kwa mzee mwenye pengo hilo, sumaku iliyokusudiwa meno hayo haina pa kukaa. Sharti itafutwe njia nyingine. Kifaa, basi, hubeba dhana fulani kuhusu kinywa cha binadamu.

Suala la lugha

Kwa kawaida mtu mzima hufungua kinywa kiasi cha milimita 40 hadi 50. Grafu ikionyesha 25, haisemi kama kizuizi ni maumivu, misuli au kiungo. Ni lazima mgonjwa aulizwe. Mgonjwa azungumzaye Kimaasai nyumbani na daktari aliyesomea kwa Kiingereza mara nyingi hukutana katika Kiswahili.

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kufumbua, kupanua na kuachama ni viwango tofauti vya kufungua kinywa; kualika, kukwama na kuteguka ni hali tatu tofauti za kiungo. Mgonjwa akisema taya "linaalika" na tafsiri ikaandika tu kwamba "linauma", dalili muhimu imepotea. Vivyo hivyo, "mzunguko" na "mtelezo" zaweza kuwa istilahi za hatua mbili za kufungua kinywa, ingawa ya kwanza yahitaji kivumishi ili isichanganywe na mzunguko wa damu.

Hitimisho

Mashine hupima umbali na mwelekeo. Maana ya vipimo hupatikana katika mazungumzo. Ipo haja kwa wanaisimu na madaktari wa meno kukusanya istilahi hizi kwa pamoja, wakianzia kwa maneno ya wagonjwa wenyewe. Istilahi asiyoielewa mwenye taya haiwezi kumsaidia kutibiwa.