Polisi Alibisha, Nasi Tukajificha

Mtu wa Bukavu aendaye kukaa Bruxelles hudhani kwamba hataona jambo geni. Kifaransa anakijua, na hata kuhesabu kwao ni kama kwetu: Wabelgiji nao husema septante na nonante. Mimi ndivyo nilivyodhani.

Tulifika mwezi wa Desemba, mimi, mke wangu na watoto wawili. Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na mbili kama desturi, nikangoja jua. Saa moja, giza. Saa mbili, giza. Mke wangu akaniuliza kama saa yangu imeharibika safarini. Jua lilitoka karibu na saa tatu, na kabla ya saa kumi na moja ya jioni lilikuwa limekwisha kutua. Mtoto wetu mdogo akataka kujua kama Wabelgiji hulala mara mbili.

Nilipanda tramu, nikawaamkia watu wote, wa mbele hata wa nyuma. Wakanitazama kama mtu auzaye dawa. Nikaenda kutafuta stesheni iitwayo Zuid, kama ilivyoandikwa katika karatasi yangu. Nikazunguka nusu saa nzima, kumbe nimo ndani yake. Kwa Kifaransa huitwa Midi, kwa Kiholanzi Zuid, na mji huo una lugha hizo mbili kwa sheria. Takataka nazo zina elimu yake: mfuko mweupe, wa bluu, wa manjano, na tangu mwaka 2023 ni lazima kutenga mabaki ya chakula katika mfuko wa rangi ya chungwa. Mke wangu alifurahi siku moja tu, tulipopelekwa Matonge, mtaa wa Ixelles wenye jina la mtaa wa Kinshasa. Aliona sombe! Alipoambiwa bei, akairudisha mahali pake kwa heshima.

Lakini jambo lililotutoa jasho katika baridi ile ni polisi. Mgeni mwenye viza ya kukaa zaidi ya miezi mitatu sharti ajionyeshe kwenye ofisi ya komini katika siku nane za kazi. Kisha polisi wa mtaa huja kuhakikisha kwamba kweli anakaa pale alipotaja. Asipomkuta, mgeni haandikwi. Asipoandikwa, hapati kadi ya kukaa. Karani alinieleza yote hayo, ila niliposikia neno « polisi » masikio yangu yaliziba.

Basi, asubuhi moja mlango ukagongwa. Nikachungulia: kofia, mkanda, viatu vyeusi. Kwetu, polisi akibisha mapema, mtu haulizi amekuja kwa shauri gani. Huuliza mlango wa nyuma uko wapi. Nasi tulikaa ghorofa ya tatu! Tukazima taa, tukawanyamazisha watoto kwa biskuti. Akaenda zake. Akarudi mara ya pili. Hakuona hata jina letu kwenye kengele ya chini, akaenda tena. Kisha ikaja barua: hatukuonekana katika nyumba hiyo, wala hatutaandikwa.

Usiku ule hatukulala. Asubuhi nilimkuta ngazini bibi mzee wa nyumba ya chini, ambaye hajapata kuitikia salamu yangu hata siku moja. Nikamwonyesha barua. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaandika jina letu katika kipande cha karatasi, akakibandika penye kengele, akampigia polisi simu yeye mwenyewe.

Polisi alikuja, akaona vitanda na viatu vya watoto, akatia sahihi. Dakika tano tu. Mke wangu alikuwa amekwisha kukaanga mayai. Yule bwana akashukuru, akatoka bila kuonja. Hilo ndilo lililomuudhi mke wangu mpaka leo: mgeni wetu wa kwanza, naye ameondoka na njaa.

Kadi tulipata. Karatasi ya bibi bado iko penye kengele, na jina letu limekosewa herufi moja. Hatujalisahihisha.