Siri na Haki katika Kuchunguza Taarifa za Wafichuaji

Mwanafunzi akimwarifu mwalimu wake kwamba mizani ya maabara inapunja, mwalimu hana haja ya kuuliza kwanza kama mwanafunzi huyo ni mtiifu au ni mkorofi. Huchukua jiwe la gramu 100 ambalo uzito wake umekwisha thibitishwa, akaliweka juu ya mizani na kusoma alama. Neno la mwanafunzi ni dhana tu. Linalokata shauri ni jiwe. Wala hapana sababu ya kulitangaza jina lake mbele ya darasa, kwa kuwa mizani haibadiliki kwa kutegemea aliyeisema.

Juu ya msingi huo huo umejengwa utaratibu wa serikali wa kuchunguza taarifa za watumishi wanaofichua maovu kazini. Tofauti ni kwamba katika maabara hakuna anayehofia kufukuzwa kazi.

Mfano mmoja unaofaa kuangaliwa kwa makini ulitokea Marekani. Bodi ya ndege ya abiria hujazwa hewa kila iendapo juu, na hewa hiyo hupunguzwa kila ishukapo. Kwa hiyo mabati yake hutanuka na kunywea maelfu ya mara, na mwishowe metali huchoka: ufa mdogo usioonekana kwa macho huanza penye tundu la ribiti, nao huzidi kukua. Mwezi Aprili 1988, ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Aloha, iliyokuwa imekwisha ruka karibu mara 90,000, ilichanika paa ikiwa angani Hawaii, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ndiyo sababu ukaguzi wa nyufa hizo ni amri, wala si hiari.

Mwaka 2007 ilibainika kwamba ndege 46 za shirika la Southwest Airlines zilikuwa zimepitisha muda wa ukaguzi huo. Hata baada ya kasoro hiyo kujulikana, ziliendelea kubeba abiria katika safari 1,451 kabla ya kukaguliwa, na baadhi yake zilikutwa na nyufa. Wakaguzi wa mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa anga walidai kwamba msimamizi wao aliyaruhusu hayo akijua. Walipoona wakubwa wao hawachukui hatua, walikwenda nje ya mamlaka yao.

Marekani inayo ofisi ya Wakili Maalumu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1978 na kupewa uhuru zaidi mwaka 1989. Yafaa msomaji aelewe kwamba ofisi hiyo, ipokeapo taarifa ya namna hii, haihukumu. Kazi yake ya kwanza ni kupima kama upo uwezekano mkubwa kwamba yasemwayo ni kweli. Kwa sheria ya sasa hupewa siku 45. Ikiridhika, humwagiza mkuu wa wizara inayohusika afanye uchunguzi na kuleta ripoti katika muda wa siku 60, muda ambao aghalabu huongezwa. Ripoti hapana budi ieleze jinsi uchunguzi ulivyoendeshwa, ushahidi uliopatikana, na hatua zilizochukuliwa. Kisha aliyetoa taarifa hupewa siku 15 kuisoma na kutoa maoni yake, na yote hupelekwa kwa Rais na kwa kamati za Bunge. Hatua hii ya maoni ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana yeye ndiye ajuaye ni swali gani halikuulizwa.

Jina lake halitolewi bila ridhaa yake, isipokuwa pakiwa na hatari ya papo kwa papo kwa afya au usalama wa watu, au uhalifu unaokaribia kutendeka. Sheria za Uganda ya mwaka 2010 na Tanzania ya mwaka 2015 nazo zinamlinda mtoa taarifa.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Siri si sawa na barua isiyo na jina. Katika siri mchunguzi anamjua msemaji, aweza kumrudia, kumwuliza alikiona wapi alichokiona, na kupima kama alikiona mwenyewe au alisimuliwa. Barua isiyo na jina haiulizwi chochote. Katika mkasa huu wa ndege, malalamiko yasiyo na jina yaliletwa dhidi ya mmoja wa wakaguzi waliofichua, naye akaondolewa katika kazi ya kulisimamia shirika lile. Baadaye malalamiko hayo hayakuthibitishwa. Basi ulinzi ule ule unaomfaa mfichuaji unamhusu na mshtakiwa: naye hujulishwa tuhuma, hujibu, na haadhibiwi kabla ushahidi haujapimwa.

Kuficha jina peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Katika kituo chenye watumishi watatu, ambamo mmoja tu ndiye ashikaye ufunguo wa kabati, mchunguzi aombapo faili moja amekwisha mtaja mtu bila kutamka jina. Mchunguzi mwenye busara huomba kumbukumbu za miezi mingi na za vitu vingi, kisha akatafuta humo kile anachokihitaji.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwingine. Wizara inayoshutumiwa ndiyo inayoagizwa kujichunguza, na si rahisi mtu kuwa mchezaji na mwamuzi katika mchezo mmoja. Katika mkasa huu kilichosaidia ni kwamba Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi, ambaye hayumo chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, aliyachunguza madai na kuyakuta na msingi. Mwezi Aprili 2008 wakaguzi walitoa ushahidi hadharani mbele ya kamati ya Bunge. Faini ya dola milioni 10.2 ilipendekezwa dhidi ya shirika lile, na mwaka 2009 pande mbili zikakubaliana juu ya dola milioni 7.5. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha, ndani ya mamlaka ile ile, ofisi maalumu ya kuchunguza taarifa za wafichuaji kuhusu usalama wa ndege.