Watoto Wawili, Chuo Kimoja: Mzazi Afanye Nini?

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Viwanja Sitini, mjini Ifakara. Kaka na dada wamemaliza kidato cha sita, wote mchepuo wa PCB, na wote wameomba udaktari katika chuo kile kile cha afya kilichopo hapo hapo Ifakara, SFUCHAS. Baba anategemea mpunga wa msimu mmoja. Majibu yanatoka: dada amechaguliwa, kaka hakuchaguliwa. Hapo ndipo maneno huanza.

Kwanza tufahamu utaratibu. Sharti la chini la udaktari ni ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila somo lisipungue D. Lakini kufikisha sharti si kupata nafasi. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na chuo huanza na wenye alama za juu. Chuo hakigawi nafasi kwa nyumba. Kwa hiyo dada hakuchukua fungu la kaka yake. Kila mmoja alishindana na waombaji wote wa nchi.

Pili, suala la mali. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bashir alimpa mwanawe Nu'man zawadi, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) ili awe shahidi. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Aliposema hapana, Mtume alikataa kuishuhudia. Wanazuoni wa Kihanbali wamesema usawa katika zawadi ni wajibu; jumhuri wamesema ni sunna iliyokokotezwa. Na katika madhehebu ya Shafi'i, iliyoenea kwetu, mtoto wa kiume na wa kike ni sawa katika zawadi.

Hata hivyo, matumizi ya haja si zawadi. Anayeumwa hununuliwa dawa, na ndugu yake mzima hadai thamani yake. Vivyo hivyo, kumlipia ada aliyechaguliwa si dhulma, maadamu baba ana nia ya kumsaidia mwenzake haja yake itakapofika. Dhulma ni kumzuia binti kwa sababu ni binti, au kuuza shamba lote kwa ajili ya mmoja na kumwacha mwingine bila chochote.

Tatu, moyo wa aliyekosa. Kutamani upate kama alichopata nduguyo, bila kutaka kimtoke, ni ghibta, na haina ubaya. Kutaka kimtoke ni hasadi. Kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kinatuonesha hasadi ya ndugu ilivyoanza: walihisi baba anampenda mwenzao zaidi. Basi mzazi achunge ulimi wake, asiseme mbele yao, "Mwenzako ana akili."

Nasaha yetu: kikao cha familia kifanyike kabla ya maombi kutumwa, si baada ya majibu. Kila mtoto aombe vyuo na kozi zaidi ya kimoja, aswali istikhara, na aliyechaguliwa vyuo viwili athibitishe kimoja mapema, maana nafasi anayoishikilia bure huenda ni riziki ya mwenzake. Aliyekosa anaweza kuomba awamu inayofuata, au kusomea uuguzi, maabara au famasia.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.