Miaka 5 Ni Mingi Mno kwa Mwenye Duka

Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya, ya mwaka 2015, inampa Kamishna miaka 5 ya kurudi nyuma na kurekebisha kodi uliyojikadiria, kuanzia siku ulipowasilisha ritani. Ikithibitika ulikwepa kwa makusudi au ulizembea kupindukia, hakuna kikomo. Muda ni uleule kwa benki kubwa na kwa mama wa duka mtaani.

Tuchukue duka linalouza Sh400,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023, wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hulipa 3% ya mauzo ghafi, kwa hiyo mwenye duka hili hutoa Sh12,000 kila mwezi. Afisa anapitia taarifa zake za M-Pesa, anakuta Sh520,000 zikiingia. Zile Sh120,000 za ziada ni pesa za chama na karo aliyotumiwa na nduguye, ila kwenye taarifa zimepangana na za wateja, mstari kwa mstari. Kwa hesabu ya afisa, anadaiwa Sh3,600 zaidi kwa mwezi, yaani Sh43,200 kwa mwaka. Akirudishwa nyuma miezi 36 inakuwa Sh129,600, kabla ya riba ya 1% kwa mwezi na adhabu ya 5%.

Na mwenye kuthibitisha ni yeye, si afisa. Atafute daftari la chama la miaka 3 iliyopita, na risiti za mashine ambazo wino wake hufifia hata kabla mwaka haujaisha.

Ana siku 30 za kuweka pingamizi. Likikataliwa, Jopo la Rufaa za Kodi hutoza Sh20,000 zisizorudishwa, karibu nusu ya kodi ya mwaka mzima anayoibishania. Hapo mtu hulipa asichodaiwa, kwa sababu kujitetea ni ghali.

Australia imeweka miaka 2 kwa biashara ndogo nyingi na 4 kwa baadhi ya walipa kodi wengine, huku wadanganyifu wakifuatwa bila kikomo. Bunge letu linaweza kufanya vivyo hivyo, na lifanye.

Kwa sasa, tenga laini ya duka na ya nyumbani, piga picha risiti zako, na barua ya marekebisho ikija, usiache siku 30 zipite.